Mwizi Hakuingia Chumbani

Muindi, mchuuzi wa maziwa, ndiye aliyemkuta Kathini asubuhi ya Jumamosi, amelala mlangoni pa hoteli yake ndogo kando ya barabara kuu pale Salama. Mwanzoni alidhani mama wa watu ameanguka kwa presha. Alipoona damu nyuma ya kichwa aliacha maziwa yakimwagika na kukimbilia kituo cha polisi.

Sajenti Kanyiva alifika hata chai hajaonja. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, mwenye magoti mabovu na uchovu ambao kulala hakuutoi. Miaka mitatu kati ya ile ya kazi yake aliimaliza Mtwapa, karibu na Mombasa, akiokota walevi na kuamua ugomvi milango ya vilabu, na tangu hapo hakuna jambo la binadamu lililomshangaza sana. Alisimama akatazama, kwa sababu kutazama ndiyo kazi.

Kathini alikuwa na nguo ya kulalia, lakini juu yake alikuwa amejifunga leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, na kitambaa kichwani kimekazwa vizuri. Kiti chake kilikuwa ndani ya mlango. Kigoda kingine kilikuwa nje, barazani, na kando yake vikombe viwili vya chai iliyopoa. Kabati la hotelini lilikuwa limevunjwa, sigara na redio vimekwenda. Chumba cha kulala kilikuwa wazi, televisheni inaonekana mpaka barazani, simu ya marehemu inachaji juu ya meza. Huko hakuna kilichoguswa.

"Mwizi wa njiani," alisema mkubwa wa kituo, mtu asiyependa mambo marefu.

"Mwizi gani anabeba redio anaacha televisheni?" Kanyiva aliuliza.

"Mwenye haraka." Mkubwa alishageuka zake.

Kufika adhuhuri walikuwa na mtu. Lori la mbuzi kutoka Zombe lilikuwa limelala ng'ambo ya barabara na tairi lililopasuka, na chini ya kiti cha dereva palikuwa na thermosi ya Kathini. Dereva aliitwa Adan. Watu wa soko hawakungoja zaidi ya hapo. Mgeni, lori, mali ya marehemu. Kesi kwao ilikuwa imekwisha, na wapo walioanza kutaja kiberiti.

"Chupa ulitoa wapi?" Kanyiva alimuuliza selini.

"Alinipa yeye mwenyewe. Kila safari ananijazia chai, nikirudi namrudishia. Tuko hivyo miaka mingi, afande."

"Jana alikupa saa ngapi?"

"Saa tatu hivi, kwa dirisha. Usiku huyo mama hafungui mlango, hata umlilie."

"Ulisikia nini baadaye?"

"Mbuzi tu. Halafu katikati ya usiku gari ndogo ilisimama kwake. Nikasema ni mtu anataka soda, nikalala." Adan alishika kichwa. "Ningeamka, afande. Huyo mama alikuwa ananiita kijana wangu."

Nje, mkewe Farhiya alikaa kwenye benchi na bakuli la wali lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa ametoka Kitui kwa gari la kwanza alilopata. Hakulia wala hakugombana. Aliuliza swali moja tu kila Kanyiva alipopita: "Jumatatu mnampeleka kotini?" Na kila mara Kanyiva alijibu ndiyo, akaondoka haraka kidogo kuliko alivyokuja.

Mtoto pekee wa Kathini alikuwa Mumbua, aliyeolewa Kilungu na Nzioka, mzee wa kanisa. Mumbua alikuwa amelia mpaka sauti ikakauka.

"Bwana yako alikuwa wapi Ijumaa?"

"Mombasa, semina ya wazee wa kanisa. Yeye na Mulei wa kwaya, hao wawili tu kutoka huku. Nilimpigia usiku mara nyingi, simu ikaita tu. Asubuhi ndio alishika, nikamwambia mwaitu hayuko." Alimwita mama kwa Kikamba, akaanza kulia upya.

Nzioka alikuwa mtu wa suti na sauti ya upole. Jumapili baada ya ibada alikaa mbele ya Kanyiva, Mulei pembeni yake.

"Pole kwa msiba, mzee. Ijumaa usiku ulikuwa wapi?"

"Asante, afande. Tulikuwa kesha. Mulei alikuwa na mimi usiku wote, tumepiga magoti bega kwa bega mpaka kukacha. Yeye anaweza kuapa na mimi naweza kuapa."

"Mke wako alipiga simu."

"Kwa maombi tunazima simu, afande."

Kanyiva aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Hakuwa ameuliza habari za Mulei hata kidogo. Na simu iliyozimwa haiiti.

Mulei, kiongozi wa kwaya, baba wa watoto wanne, aliitikia kila neno huku akivuta mkono wa shati mpaka kwenye vidole, na joto la Salama siku ile lilikuwa la kuchoma mabati. Kanyiva alimruhusu Nzioka aende zake. Kisha akamwambia Mulei akunje shati.

Kwenye kifundo cha mkono, juu ya mshipa, palikuwa na mhuri wa duara wa wino wa buluu, umesuguliwa mpaka ngozi imechubuka. Kanyiva aliifahamu mihuri hiyo. Ndiyo wanayopigwa watu mlangoni pa vilabu ili ukitoka kupunga upepo usilipe tena.

"Hii haitoki kwa sabuni," alisema. "Kesha ya wapi hiyo?"

Mulei alifunika uso. Kanyiva alisubiri. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husubiri vizuri kuliko mwingine yeyote.

"Mtwapa," Mulei alisema hatimaye. "Nzioka ndiye alinisukuma. Aliniambia, 'Wewe umeimbia watu maisha yako yote, nenda ujionee dunia siku moja, mimi nitakufunika.' Tuliachana jioni. Afande, sijawahi kuona kitu kama hicho! Taa za rangi mpaka kwenye minazi. Watu wazima, wazee kama mimi, wanacheza mchangani na viatu mkononi, wanacheka, hakuna anayeuliza wewe ni wa kanisa gani. Nikanunua soda. Soda tu, naapa. Halafu bendi ikapiga wimbo, miguu yangu ikakataa kukaa. Nilicheza mpaka shati likalowa. Mama mmoja mnene wa Lamu akaniambia, 'Baba, wewe ulikuwa umefichwa wapi?'" Alitabasamu bila kutaka, kisha aibu ikamrudia. "Nilirudi gesti asubuhi. Yeye nikamkuta anaoga, simu yake iko kitandani pale pale aliiacha jioni."

"Kwa hiyo hujui alilala wapi."

"Sijui. Jana akaniambia, tukiulizwa tulikuwa pamoja, la sivyo Nzilani atasikia pale nilikuwa." Nzilani alikuwa mkewe. "Nilifikiri ananisaidia!"

"Alikuwa anajisaidia yeye. Kesho utayasema haya mbele ya watu."

"Afande, nihurumie. Kwaya wataninyang'anya. Nzilani atanifukuza. Uniandike hapa ofisini, hapa tu."

"Na kesho kutwa Nzioka akikununua, karatasi itasimama kotini peke yake? Kuna mtu selini, Mulei. Mkewe umempita hapo kwenye benchi. Ukicheza, ulicheza. Yeye hakucheza na anafungwa."

Mulei akatoka ameinama.

Jumatatu asubuhi waombolezaji walijaa uani kwa Kathini. Kanyiva aliwakuta kanisa zima wakiimba, na Mulei katikati yao akiongoza, hamtazami. Alikwenda kwa Nzioka.

"Mzee, tunataka kitambulisho cha marehemu, cha kibali cha mazishi. Kiko chumbani kwake, juu ya meza."

Nzioka aliingia. Akafika mlango wa chumba, akasimama. Mguu haukunyanyuka. Akageuka. "Mumbua, hebu ingia uchukue."

"Kwa nini usiingie mwenyewe?" Kanyiva aliuliza.

"Afande, wewe si Mkamba? Huko ni kwa mama mkwe wangu, mkwe haingii. Ni nthoni."

"Ndiyo, ni nthoni." Nyimbo zilikuwa zimekoma. "Siku tatu nimejiuliza ni mwizi gani huyu, anavunja kabati na kuacha chumba kilicho wazi. Nikajiuliza mwanamke asiyefungua mlango usiku hata umlilie alimfungulia nani, akajifunga leso mbili na kitambaa, akamweka mgeni barazani na yeye akabaki ndani, wasiketi pamoja. Adan alipewa chai kwa dirisha. Hii heshima hapewi dereva wa mbuzi. Anapewa mkwe."

"Huo ni ushahidi?" Nzioka alicheka kidogo. "Mimi nilikuwa kwa maombi na Mulei. Muulize."

"Kweli, peke yake si ushahidi," Kanyiva alisema. Hapo alikuwa amefika mwisho wa kamba yake, na alilijua hilo. Hakumwita Mulei. Alitazama chini, magoti yakimuuma, akasikiliza magari ya barabara kuu.

"Hakuwa na mimi."

Mulei alikuwa amesimama. Sauti ilikuwa ile ya kuongoza kwaya, inayofika mpaka nyuma. "Mimi nilikuwa disko, Mtwapa. Nilicheza usiku kucha. Nzioka simjui alipokuwa." Akakunja shati, akainua mkono ili kila mtu auone.

Mama mmoja akasema "Yesu!" Nzilani, aliyekuwa akimenya viazi, aliweka kisu chini taratibu, akaondoka uani bila kugeuka nyuma. Mulei alimwona akienda, akabaki amesimama vilevile.

Nzioka alitafuta uso wa kumtetea, asiupate. "Nilikuja kumsihi tu," alisema. "Ploti ya barabarani. Mtu wa kituo cha petroli aliitaka, na mama akakataa, akasema ataiandika kwa jina la Mumbua peke yake. Mimi mkwe nimekosa nini? Nilikodi gari Mombasa, nije tuongee usiku mmoja..."

"Anayekuja kuongea hamtumi mtu disko ili baadaye awe shahidi wake," Kanyiva alisema, "wala haachi simu yake gesti."

Nzioka alipiga goti barazani, naye Kanyiva akamfunga pingu.

Mumbua alikuwa ametoka chumbani na kitambulisho mkononi. Alimtazama mumewe. "Mwaitu aliamka usiku akakupikia chai," alisema.

Adan aliachiliwa alasiri. Hakuna aliyemwomba radhi. Mkubwa wa kituo alimpa mkanda wake na kamba za viatu, akamwonyesha mlango. Farhiya aliinuka kutoka kwenye benchi, akafungua wali uliokuwa umelala siku mbili, akaona umechacha, akaumwaga nje. Adan aliuliza matanga ni wapi. Kanyiva alisema atampeleka, kwa sababu peke yake asingefika salama, na wote watatu wakaanza kutembea.