Midomo ya Mdogo Wangu

Jua lilikuwa linazama nilipofunika cherehani yangu, nikavaa barakoa na kwenda kwa Daktari. Tulimwita hivyo tu, cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Alikuwa akidunga watu sindano za kunenepesha midomo kwenye chumba cha nyuma cha saluni, na wiki mbili kabla alikuwa amenidunga mimi.

Uvimbe alisema ni kawaida, utashuka. Ulishuka, ukaacha mabonge matatu magumu kama punje za maharage. Nikayasugua asubuhi na jioni kama alivyonielekeza.

Halafu yakaanza kuhama.

Nisikufiche, ni wivu ulionipeleka kwake. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa amejaliwa mdomo ambao watu waligeuka kuutazama. Mpima ardhi mmoja alikuja kwangu kupunguziwa suruali. Nilimpima mimi, nikacheka naye mimi. Siku ya kuichukua alimkuta mdogo wangu kibarazani, hata suruali akaisahau. Wakachumbiana. Roho iliniuma, na mbele ya watu nilipiga vigelegele kuliko wote.

Saluni haikuwa na mteja. Chumba kilinuka spiriti... na kitu kingine kitamu, kama waridi. Harufu ile niliijua.

Daktari alipapasa midomo yangu. Akasita.

"Dada, siku ile ulikuja na mdomo mtupu kama nilivyokwambia?"

"Nilikuwa nimefuta."

"Ulifuta nini?"

"Rangi ya mdomo ya mdogo wangu, ile inayonukia waridi," nikanong'ona. "Alijipaka akaiacha mezani. Nikataka kuona itanikaaje."

"Sindano husukuma ndani kila inachokikuta. Mwingine angetunga usaha tu, nikamwandikia vidonge." Alivua glavu polepole. "Wewe ulipojipaka, ulikuwa unamwazia nini mwenzio?"

Bonge la chini likacheza.

"Na yeye anaendeleaje?"

Nikakumbuka. Juzi alilalamika kwamba midomo inamkauka. Jana alikunywa chai kwa mrija. Asubuhi ile hakuniamkia, na mimi nikafurahi, nikidhani wamegombana na mchumba wake.

Daktari akainua kichupa kidogo. "Hii inayeyusha. Nikikudunga sasa unabaki na mdomo wako wa kuzaliwa, naye atapona... nadhani. Giza likishaingia, siwezi tena. Mabonge yatalainika yenyewe na utapendeza. Ila yeye..."

Akageukia dirisha.

Nilijitazama kwenye kioo. Chini ya mabonge kulikuwa na mkunjo wa mdomo wa juu, ule ule wa mdogo wangu. Mungu anisamehe, ulinipendeza. Dirishani mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana. Mdogo wangu yule nilimbeba mgongoni, nilimlisha uji kwa mkono wangu. Neno lilikuwa moja tu, dunga.

Nikamfikiria mpima ardhi.

"Ngoja kwanza," nikasema.

Tukangoja hadi giza likaingia. Mabonge yakalainika... la kwanza... la pili... la tatu.

Nyumbani nilimkuta mama amesimama nje ya chumba cha mdogo wangu, analia.

"Hatamki neno tangu giza liingie," aliniambia. "Na uso hataki kuufunua."

Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani, amejifunika khanga hadi chini ya macho. Pale palipopaswa kuinuka midomo, khanga ililala bapa. Nilivua barakoa kumpa pole. Alinitazama mdomoni. Akaelewa.

Mimi na mpima ardhi tulioana mwaka uliofuata. Watu wanasema alifarijika kwa dada mtu, kwamba mimi na mdogo wangu tumefanana sana. Daktari alihama, sijui alikwenda wapi. Hospitali walimpima mdogo wangu mara nyingi na ugonjwa hawakuuona.

Mume wangu ananipenda, sina la kulalamika. Lakini akiingia kutoka kazini, mdomo huu hutabasamu kabla sijamwona. Akinikumbatia, unamnong'oneza jina la utani ambalo sikulijua, walilokuwa wakiitana yeye na mdogo wangu.

Naye huitika kwa furaha ambayo kwangu hajawahi kuionyesha.