Taifodi Nne za Natalie

Katika kikundi cha akina mama wa kanisa mtaani Kaptembwo, mgonjwa aliombewa kwa jina la ugonjwa wake. Ukisema mtoto ana joto tu, walikutazama kama mtu anayeficha kitu. "Maabara walipata nini?" waliuliza.

Ndiyo maana Natalie, binti wa miaka mitano wa Wariara, mmoja wa akina mama hao, alipoanza kukohoa, maneno ya daktari wa zahanati hayakumtosha mama yake. Daktari alisikiliza kifua, akahesabu pumzi, akatazama koo.

"Ni mafua. Mpe maji mengi, apumzike. Akipumua kwa shida ama akatae kunywa, mlete mara moja."

"Hata damu hajamtoa," Wariara alinung'unika njiani. Akapita maabara ya kona, akaomba mtoto apimwe kila kitu. Alitoka na karatasi iliyosema ni taifodi, na sindano zingeanza kesho yake. Maskini, hapo ndipo moyo wake ulipotulia.

Jioni alipita Chepkirui, mhudumu wa afya wa mtaa. Natalie alipouona mkoba wake, hakulia. Alijilaza kifudifudi, akashusha suruali, akangoja.

Chepkirui alishtuka. "Mama Natalie, huyu amezoea sindano hivi?"

"Taifodi haimwachi. Hii ni ya nne mwaka huu."

"Na kila mara anaumwa aje?"

"Kikohozi. Joto. Kamasi."

"Hicho kipimo kinaweza kuonyesha hata alama za ugonjwa wa zamani, ama vijidudu vingine. Peke yake hakitoshi. Daktari huangalia dalili kwanza, ndio achague kipimo. Na dawa kali zikitumiwa ovyo, vijidudu vinazizoea. Siku mtoto atazihitaji kweli, zinaweza kukataa kufanya kazi."

Wariara aliketi. "Unaniambia nimemdunga mtoto wangu bure?"

"Za kwanza sijui. Hii karatasi irudishe kwa daktari kabla ya sindano."

Asubuhi daktari aliisoma karatasi, akampima mtoto upya. Hakuona dalili ya taifodi. Hapakuwa na sindano.

Siku ya nne Natalie alikuwa nje akiruka kamba. Wariara alisimama mlangoni, akimtazama na kuwaza. Pengine hata zile mara tatu angepona hivi hivi.

Jumapili aliwaeleza wenzake wa kikundi yote. Namalwa, aliyebeba mtoto mgongoni, akasema kwa sauti ya chini, "Wangu amedungwa mara sita. Huyo Chepkirui anapatikana wapi?"