Mhunzi na Mganga kwa Mtu Mmoja

Sogeeni karibu, wajukuu, na anayetafuna mahindi aache kwanza. Haya yalimpata rafiki yangu Wamucii, pale Kianyaga.

Alienda kumwita mjukuu wake Nyawira anywe chai. Nyawira alikuwa stoo, chumba kisicho na dirisha, akitunga mchezo wa meza ambao kila mchezaji anakuwa shujaa wa kazi fulani.

"Cucu," akamwambia bibi yake, "shujaa huyu nimemuunganisha. Ni mhunzi na pia ni mganga."

"Haiya! Hao wawili hawakai kwa mwili mmoja. Watenganishe!"

"Cucu nawe! Si ni mchezo tu?"

Stima ikapotea. Mlango wa chuma ukajifunga. Walisukuma wote wawili, haukutikisika. Ndipo wakasikia gizani mvukuto ukipuliza, fuu, fuu, na nyundo ikigonga chuma polepole, karibu kabisa na masikio yao.

"Nimewatenganisha!" Nyawira akalia. Nyundo haikuacha.

Gikonyo, mwana wa Wamucii, alisikia mayowe akaukata mlango kwa msumeno. Komeo na fremu vilikuwa vimefuliwa pamoja, vikawa chuma kimoja.

Wamucii alipotuacha, Gikonyo alirithi nyumba, Nyawira akarithi meza ya kule stoo. Mimi nilipewa ule mlango. Hata asubuhi ya baridi kali, ukilishika komeo lake, ni moto.