Nyumba Isiyo na Kunguni

Sukari ilimwagika asubuhi, kijiko kizima, chini ya meza, na Edith akaiacha makusudi. Alitaka kuona. Mchana akainama kutazama: sukari ilikuwa palepale, nyeupe, kavu, wala hakuna sisimizi aliyeisogelea. Jioni akaifagia mwenyewe.

Msomaji wa leo atasema, basi ashukuru Mungu. Ni kwa sababu msomaji huyo hakuishi kwenye kambi ya kampuni ya shaba, Élisabethville, miaka ile iliyofuata vita vya wazungu, ambapo nyumba za wafanyakazi zilisongamana hivi kwamba kunguni wa jirani alikuwa pia kunguni wako. Nyumba isiyo na mdudu ilikuwa kitu cha kuulizwa maswali.

Na Edith, mke wa Adalbert wa kwenye tanuri za shaba na mama wa Martine, aliwajua wadudu. Kwao, kaskazini ya Katanga, mama yake alimfundisha wadudu kama wengine wanavyofundishwa katekisimu. Kunguni usimtafute juu ya godoro, mtafute kwenye mshono na kwenye tundu za misumari ya kitanda. Utamjua kwa vidoa vyeusi na harufu yake tamu ya kuchefua. Mende anataka joto na giza, yuko nyuma ya sanduku la unga. Papasi amejizika kwenye nyufa za sakafu, anangoja ulale. Mchwa anakula mlango kwa ndani na kukuachia rangi. Panya yuko darini, na anakusikia.

Basi alipoona sukari imesusiwa, Edith aliipekua nyumba nzima. Alifunua godoro, akachokoa mishono kwa sindano. Akavuta sanduku la unga. Akamwaga maji ya moto kwenye nyufa. Hakutoka kitu. Kwenye pembe ya dari palikuwa na utando wa buibui, na buibui mwenyewe alikuwa ndani yake, amekauka kwa njaa.

Walikuwa wamehamia mle miezi michache tu. Watu wa usafi walipita na pampu zao za dawa, ni kweli, lakini walipita kila nyumba. Kwa jirani yake, Marie-Thérèse, kunguni walirudi kabla harufu ya dawa haijaisha.

"Mama Martine, weye unafanya namna gani?" Marie-Thérèse alimuuliza, huku akijikuna mkono. "Batu ba dawa balipita kwangu sawa na kwako. Mais lakini kwangu kunguni banacheza mupira."

"Minafagia tu," Edith akajibu, na akajisikia fahari kidogo. Tusimcheke. Kambini hapakuwa na vitu vingi vya kujivunia.

Kila mwezi madamu wa kizungu alipita kukagua nyumba, na iliyo safi kuliko zote ilipata zawadi. Mwezi ule alifunua kitanda cha Edith, akapitisha kidole kwenye mshono, akakitazama kidole chake kwa mshangao. "Très bien, Edith! Mududu hata moja hakuna! Nyumba yako iko ya kwanza mu kambi!" Akampa beseni la enameli lenye maua mekundu. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine kwa meno yaliyoumana.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Juu ya kisichokula hawakusema neno.

Ilikuwa saa sita mchana, Adalbert yuko kazini, Martine amelala, Edith aliposikia mkwaruzo ukutani, pale kichwani pa kitanda. Alifurahi! Panya, alisema moyoni, asante Yesu, panya. Akasogea na kubandika sikio. Kwaru, kwaru, kisha kimya. Akagonga kwa kidole mara moja ili amfukuze. Ukuta ukagongwa mara moja kutoka ndani. Akasogeza mkono wake polepole kuelekea dirishani, na mkwaruzo ukaufuata mkono, tofali kwa tofali, ukasimama uliposimama. Ukuta ulikuwa baridi, na ulinukia udongo wa shimo lililochimbwa leo. Martine alikuwa amelala chali, macho wazi, anatazama dari.

Mtoto huyu alikuwa na miaka mitatu na kilio cha kuamsha kambi. Sasa Edith akajiuliza ni lini mara ya mwisho alimsikia akilia, na hakukumbuka. Mama yeyote anajua, kimya cha mtoto ni cha kushukuru mpaka kitakapozidi.

Kisha likaja jambo la mbabula, lile jiko la bati la makaa. Edith alikuwa anapika nje, akageuka kuchukua mwiko, na aliporudi Martine alikuwa ameweka kiganja kwenye ukingo wa mbabula, kwenye bati jekundu kwa moto, ameuegemea kama meza. Nyama ilikuwa inanukia. Edith akapiga yowe, akamnyakua, akatumbukiza mkono ule kwenye maji. Martine alimtazama mama yake kwa upole. Hakulia.

Jioni Adalbert alirudi kutoka kazini. Chuma cha moto kilikuwa kimembabua mkono wa kulia, ngozi ilining'inia, naye alikaa akamega bukari, ugali wa huko, kwa mkono uleule, bukari likitoa moshi.

"Baba Martine, mukono yako!"

Adalbert akautazama. "Ah. Oui," alisema, na akaendelea kula.

Edith hakulala nao siku hiyo. Alikesha kibarazani na hofu yake. Kwa kuwa yeye ndiye aliyelala kidogo kuliko wote mle ndani, bado aliweza kuogopa.

Kesho yake alimpakata Martine mbele ya mlango kumchambua kichwa. Chawa alikuwa nao, kama watoto wote waliocheza na watoto wa Marie-Thérèse. Edith akagawa nywele kwa kitana, na akaona chawa hawajifichi nyuma ya masikio wala kisogoni kama chawa wanavyojificha, walikuwa wanatoka, wakubwa mbele na wadogo nyuma, wanateremka shingoni kwa mstari mmoja, wanavuka ukosi wa gauni, wanashuka mgongoni, wanafika chini kwenye udongo na kuondoka bila kugeuka, na Edith akakumbuka siku bibi yake alipofariki, jinsi mama yake alivyogusa mto, akaona chawa wanauhama, akasema kwa sauti ndogo kwamba imekwisha, tuite watu.

Chawa humhama maiti kabla ndugu hawajakubali. Martine alikuwa amekaa mapajani pake, anapumua.

"Unaona?" Edith alimnong'oneza Marie-Thérèse, aliyekuja mbio alipoitwa. "Unaona bile binafanya?"

Marie-Thérèse alijifunga kikwembe upya, ingawa hakikuwa kimelegea. "Mama Martine, nilinyamaza ju sikutaka kukuogopesha. Mbele yenu, kabla muhamie, mule mulikaa muntu moja, jina yake Chanda, hakukuwa na bibi wala batoto. Alirudi kazi na kifua, akalala, akafia pale pa kitanda yenu. Asubui bakamutosha inje, jioni bakaandika nyumba jina ya bwana yako." Akashusha sauti zaidi. "Enda kwa mama Mukuka, ule munganga, njia ya Kipushi. Leo. Usingoje misa ya siku ya Mungu."

Edith alikuwa Mkatoliki wa kubatizwa na kupokea komunyo. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda.

Mukuka alikuwa mwanamke wa Kibemba, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha kuchambua hata Edith alipomweleza yote. Pwani wangekiita kile kitu cha ukutani jini. Yeye alisema muzimu, na alilisema neno hilo bila kutetemeka, kama fundi anayetaja ugonjwa wa baiskeli. Alishika mguu wa Martine, akauachia.

"Ule Chanda, balimupitisha wapi siku ya kumuzika?"

"Kwa mulango, mama."

"Kwa mulango!" Mukuka akasonya.

"Bangemupitisha wapi? Iko matofali ya kampuni."

"Kwetu na kwenu iko moja, mutoto yangu. Muntu akifia mu nyumba, banatoboaka ukuta pa kichwa yake, banamupitisha pale, banaziba. Akirudi anatafuta fasi, pahali alitokea, haione, anaenda zake. Huyu balimuonyesha mulango. Basi anarudiaka kila siku, sawa muntu anatoka kazi. Hajue kama alikufa. Analala pa kitanda yake, na bale banalala naye banakuwa sawa naye. Hana roho mubaya. Anabazoeza tu. Ba mududu banajua mbele yetu: hakuna kunguni ya kunywa damu ya mufu."

"Nifanye nini, mama?"

"Toboa ukuta pale pa kichwa ya kitanda, atoke, na uzibe siku ile ile. Mais sikia muzuri." Sasa aliacha maharagwe. "Utobolee inje. Batu bote batoke, mulango ufungwe, akuwe yeye pekee. Ukitobolea ndani, unasimama mu njia yake. Hatapita tena kwa ukuta. Atapita mu weye, na atabakia."

Edith alimwomba mumewe atoboe. Adalbert alijibu vizuri, kwa akili, bila hasira.

"Nyumba ni ya kampuni. Bakiona tumevunja, banatufukuza, tunarudia mu kijiji kwetu."

"Na mutoto, Baba Martine? Mutoto anakufa!"

Adalbert akamgeukia Martine, akamtazama. Huyu ndiye baba aliyekuwa akimbeba mabegani mpaka misani, akimwimbia njia nzima. "Akikufa, akufe," alisema. "Haina kitu." Kisha akalala, uso ukutani.

Edith alilia usiku huo. Nalitaja kwa sababu ndiyo mara yake ya mwisho.

Ukuta wa nyuma, ule wa kichwani pa kitanda, ulitazama njia, na ng'ambo ya njia ilikuwa baraza ya kapita, msimamizi wa kambi, mtu mwenye macho ya kunguru na kiti cha kamba. Edith alingoja aondoke, hakuondoka. Mvua kubwa ya Machi ikaja alasiri, ngurumo zikapiga mabati, na kapita akavuta kiti chake ndani kidogo na kuendelea kutazama njia. Pigo moja la nje na angeona, angemzuia. Lakini kwa ndani, katika kelele ile, asingesikia lolote mpaka tofali la mwisho lianguke, na matofali huanguka kwa mvua.

Midomo ya Martine ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Edith alimpeleka kwa Marie-Thérèse, akarudi, akafunga mlango, akasogeza kitanda, akashika mtaimbo wa Adalbert. Alikumbuka neno la Mukuka. Nisimsingizie kusahau; alilikumbuka lote.

Alipiga. Plasta ikadondoka, na kwa kila pigo ukuta ulijibu kwa mkwaruzo, na harufu ya udongo wa shimo ikajaa chumba mpaka akaionja ulimini, na alipolegeza tofali la kwanza alisikia nyuma yake kitanda kikilia, kile kilio cha kitanda mtu anapoinuka, kisha miguu mitupu kwenye sementi, pole, pole, ikaja ikasimama kisogoni pake, na hapo ikangoja kwa adabu, kama watu wanavyongoja mlangoni aliye mbele yao apishe, na Edith hakuweza kupisha kwa sababu tofali lilikuwa bado moja, akapiga, akakosa, akaponda kidole gumba chake, akapiga tena, mwanga wa mvua ukaingia, na baridi ikamwegemea mgongoni, ikapita mbavuni, ikafika kifuani, ikakaa.

Kisha kukawa kimya. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka. Aliutazama ukining'inia, akauvuta, ukatoka. Haukuuma.

Na nyumba ya pili, Martine akalia! Alilia kwa kiganja chake kilichoungua, kilio chote kilichokuwa kimewekwa akiba, mpaka kapita akasimama barazani. Adalbert naye alirudi kutoka tanurini kabla ya saa yake, ameshika mkono, machozi yanamtoka, wenzake nyuma wanamcheka. Alimkumbatia Martine akamwita majina yote ya kwao.

Kapita alikuja, akaona tundu, akalaumu mvua na mafundi, akaamuru lizibwe kwa udongo jioni ile. Hakuna aliyefukuzwa. Mwezi uliofuata madamu alikuta mende nyuma ya unga, akakunja pua, na zawadi ikaenda kwingine.

Maana walirudi wote. Sisimizi walikuja kwanza, wakapita kwenye nyufa za udongo ule mpya. Panya akarudi darini. Kunguni walikuja mwisho, wakaingia kwenye mshono, mahali pao.

"Mama Martine, kunguni!" Adalbert alipiga kelele asubuhi moja, anajikuna na kucheka. Martine alikuwa na vipele vyekundu mgongo mzima, analalamika, na baba yake alivibusu kimoja kimoja.

Edith alitazama mikono yake mwenyewe. Ilikuwa laini, haina kipele. Alikuwa amelala katikati yao.

Alichokoa mshono kwa sindano, akatoa kunguni mmoja mnene, akamweka juu ya mkono wake. Mdudu alisimama kidogo. Kisha akageuka, akashuka upesi, akavuka shuka kuelekea kwa mtoto.

"Mama, beba mie," alisema Martine. Edith akambeba, akamwimbia wimbo mzima wa kwao bila kukosea neno, na akangoja ile furaha ambayo alijua inapaswa kuja sasa. Haikuja. Mtoto akajisogeza. "Mama iko baridi," akasema, akanyoosha mikono kwa baba yake.

Jioni hiyo Edith alitoa mkeka wake chumbani, akautandika kibarazani, mbali na kitanda, akaufunga mlango kwa nje.

"Ju ya nini unalala inje?" Adalbert aliuliza kutoka ndani.

"Minasikia joto," alisema Edith.

Ilikuwa Juni, na huko Katanga, mwezi wa Juni, maji yaliyoachwa nje kwenye beseni huamka na ngozi ya barafu.