Dakika Moja ya Kimya

Mtaani kwetu kulikuwa na mjane mmoja wa makamo aliyefanya kazi ambayo wengi wetu hatukuihesabu kuwa kazi. Alisoma vitabu. Alijifungia chumbani, akavaa hedifoni, akavisoma kwa sauti kwenye kompyuta, ukurasa baada ya ukurasa, na masomo hayo yakapelekwa shule ya wasioona. Kila alipomaliza ukurasa alisema "ukurasa mpya," na kwa sababu hiyo wanafunzi wakambatiza Mama Kurasa. Hawakuwahi kumwona, lakini walimpenda kuliko walimu wao wa darasani.

Chumba cha pili alilala mama yake mzazi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua bibi yule upande mzima wa kushoto na ulimi pia, akabaki na mkono wa kulia. Mkono huo ndio uliokuwa mdomo wake. Kando ya kitanda aliwekewa kijiko na kikombe cha bati. Akigonga mara moja, anataka maji. Mara mbili, njoo. Mara tatu, basi, nimeridhika, nenda kafanye kazi yako. Miaka minne waliishi hivyo, na katika miaka minne hiyo Mama Kurasa hakuwahi kusikia kijiko asiinuke. Angekuwa anakula angeacha tonge hewani.

Basi asubuhi moja kompyuta ikafa sauti. Mitihani ya shule ilikuwa imekaribia na kitabu kilikuwa hakijafika nusu. Akamwita mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ni fundi wa vyombo hivyo na ni mtu wa maneno mengi. Alifika na bisibisi mfukoni na kadi ya sauti iliyofungwa kwenye gazeti.

"Shemeji, kadi yako imeenda zake," alisema. "Hii nimeitoa kwenye mashine nyingine. Imetumika kidogo tu, lakini bado kigori."

"Kigori aliyewahi kuolewa?"

"Ndiyo hao wanaojua kutunza nyumba."

Walicheka. Fundi alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akaichomeka kadi, akafunga. Maikrofoni ilipowashwa, ndani ya hedifoni kukaja mngurumo mzito. Alihamisha waya kutoka tundu moja hadi jingine, mngurumo ukabaki pale pale. Akaitoa kadi na kuipachika mbali na boksi la umeme, ukapungua. Akafuta programu ya kuiendesha kadi, akaiweka upya. Ukapungua tena, lakini haukuisha.

"Sasa tuirekodie kimya," alisema fundi. "Tunakaa dakika moja bila kusema neno. Mashine inasikiliza kelele za nyumba: feni, saa, bomba. Halafu tunaiambia, hizi zote ni takataka, ziondoe. Usipumue kwa nguvu."

Akabonyeza. Wakatulia. Feni ilizunguka juu yao, saa ya ukutani ikahesabu, na bomba la jikoni, ambalo halikuwahi kukazika vizuri, likadondosha tone baada ya tone. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi.

Bibi akakohoa. Kisha akagonga. Mara mbili.

Mama Kurasa aliinua kiuno kitini, akatazama skrini. Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na tano. Akageuza uso mlangoni, akakutana na macho ya mama yake, na badala ya kwenda akaweka kidole midomoni. Sekunde kumi na tano tu. Alijiambia kwamba hakuna ubaya. Dakika ilipotimia alikimbia chumbani, akamgeuzia mto, na bibi akagonga mara tatu bila kumtazama.

"Turudie?" alimuuliza fundi aliporudi. "Kijiko kimeingia humo."

"Haidhuru. Nacho ni kelele ya nyumba hii."

Fundi akaiamuru mashine iondoe kelele zote za ile dakika. Walipojaribu, sauti ya Mama Kurasa ilitoka safi, laini, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Fundi akajipongeza mwenyewe, akaaga, na akamshauri afunge mlango wa chumba cha pili ili kazi iende vizuri.

Aliufunga, akasoma mfululizo. Kila mwisho wa ukurasa alivua hedifoni kidogo, kama alivyozoea, akatega sikio ukutani. Kimya. Akajua mama kalala, akashukuru, akaendelea. Kurasa ishirini. Thelathini. Hakuwahi kupata siku nzuri kama ile.

Alasiri, jasho lilimkauka shingoni, akainua macho. Feni ilikuwa ikizunguka. Aliitazama kwa muda kabla ya kugundua kinachomsumbua. Haikuwa na sauti hata kidogo. Saa nayo, mshale mwembamba ulikuwa ukiruka bila kusikika. Alikwenda jikoni. Tone lilivimba mdomoni mwa bomba, likaanguka kwenye sinki, na hakusikia kitu. Akadhani masikio yake yameziba. Akapiga makofi. Makofi aliyasikia, makali, yakagonga kuta zote.

Ndipo akakumbuka kijiko.

Akausukuma mlango. Bibi alikuwa amelala ubavu, shuka limelowa, midomo imekauka na kupasuka, na mkono wa kulia ulikuwa ukipanda na kushuka. Kijiko kilikuwa kikipiga kikombe. Rangi ya kikombe ilikuwa imebanduka upande mzima, vipande vyake vimetapakaa juu ya mto. Kilipiga, kikapiga, kikapiga. Hakikutoa sauti.

Bibi akamwona. Akakohoa, kifua kizima kikatikisika, na kikohozi nacho hakikusikika. Machozi yalimtoka.

"Mama," alisema Mama Kurasa. "Mama, nisamehe. Sikukusikia."

Alimnywesha, akambadilisha shuka, akamwaga maji mara mbili kwa haraka. Kisha akampigia simu fundi. Fundi alikuja akiwa na mzaha wake mdomoni. Aliuacha mlangoni. Alishika kijiko mwenyewe akagonga kikombe, akagonga tena kwa nguvu, akakiweka chini polepole.

"Kadi hii umeitoa wapi?"

Fundi alijibu kwa kunong'ona. "Kuna mtu alikuwa akimuuguza baba yake. Mzee alikufa kwa kiu, na mtoto yumo humo humo ndani ya nyumba. Aliapa hakuwahi kumsikia akiita. Watu wakasema amerogwa. Mimi nikasema, uchawi gani wa kuingia kwenye kompyuta? Nikainunua mashine."

Aliing'oa kadi. Wakasikiliza. Feni ilizunguka kimya. Akairudisha, akaifungua ile sauti ya dakika moja, akampa shemeji yake hedifoni.

Zilikuwemo zote. Feni. Saa. Bomba. Kikohozi. Kijiko, mara mbili. Dakika ikaisha, lakini sauti haikuisha. Feni iliendelea kuvuma masikioni mwake, na kijiko kikagonga tena. Mara moja.

Aligeuka mlangoni. Mkono wa mama yake ulikuwa umeinuka. Ulishuka, na kijiko kikagonga ndani ya hedifoni. Mara moja. Maji.

"Yumo humu," alisema. "Ananiita humu."

Fundi aliipokea hedifoni, akasikiliza, uso ukampauka.

"Kikawaida," alinong'ona, "ukiifuta hiyo dakika, kelele zinarudi zilipotoka. Mashine inasahau."

"Una hakika?"

Fundi alirudisha macho kwenye skrini.

Mama Kurasa alimtazama mama yake. Mdomo wa mama yake ulikuwa ndani ya mashine. Angeweza kuvaa hedifoni usiku na mchana, akamsikia. Lakini je, kadi ikifa? Umeme ukikatika? Mama agonge, naye asijue? Akilini alimwona yule mtoto aliyeapa hakusikia. Alijiona mwenyewe na kidole midomoni.

"Futa."

Fundi akabonyeza.

Feni ikasimama. Si kwa kupunguza mwendo, ilisimama tu. Mshale wa saa ukasimama. Jikoni, tone lilibaki limening'inia.

Na chumba cha pili kijiko kilianguka sakafuni. Huo mlio waliusikia wote wawili, wazi kabisa.

Alipomfikia, kifua cha mama yake kilikuwa kimetulia.

Tulimzika siku iliyofuata. Fundi aliivunja kadi kwa nyundo, akavitumbukiza vipande chooni, na tangu hapo hajagusa kifaa kilichowahi kutumika na mtu mwingine. Mama Kurasa alinunuliwa kadi mpya ya dukani. Alimalizia kitabu kwa sababu watoto walikuwa wakimngojea, akasoma kwa sauti kavu, mlango wa chumba cha pili ukiwa wazi na kikombe kikiwa pale pale kando ya kitanda kitupu. Alituambia jambo moja tu kuhusu siku ile. Alisema angeweza kusamehe kila kitu, lakini si zile sekunde kumi na tano.

Mitihani ilipopita, mwalimu wa shule alikuja kumshukuru. Alimleta msichana mmoja asiyeona, aliyeongoza darasa. Tulikuwepo majirani wawili watatu. Msichana aliketi, akamshika Mama Kurasa mkono, akaushikilia mikononi mwake kwa muda mrefu.

"Tulikuwa tunabishana darasani," alisema. "Tukiisikiliza sauti yako, mwisho wa kila ukurasa kuna mtu nyuma anagonga. Mwalimu anasema hakuna kitu."

Mwalimu alicheka kwa aibu, akaomba radhi. Lakini Mama Kurasa aliinuka, akawasha kompyuta, akafungulia somo. Tulisikiliza sote. Sauti yake ilitoka safi. "Ukurasa mpya," ilisema, kisha ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Hatukusikia lolote. Akaizima.

"Unaona?" mwalimu alisema.

Msichana alitega sikio. Kompyuta ilikuwa kulia kwake, lakini uso wake ulikuwa umegeukia kushoto, kwenye mlango wa chumba cha pili.

"Amegonga tena," alisema taratibu. "Mara mbili. Mama Kurasa, mbona humwitikii?"