Swali Lililoulizwa Mara Moja

Mtambo wa Kamua-hewa ulikuwa na urefu wa ghorofa nne, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuuvuta upepo wa Kilimahewa, kuupoza, na kuukamua mpaka utoe maji. Miaka ya neema ilijaza matangi kumi na mawili kwa siku. Mwaka ule wa ukame hewa yenyewe ilikauka. Mtambo ulinguruma tangu alfajiri hadi jioni, na kila mtu akaambulia lita mbili, za kunywa, kupikia na kunawa. Kuoga tulishasahau.

Langoni alisimama Mpokezi, roboti wa kuzungumza na wageni. Tulimweka pale kwa sababu tulikuwa waoga, tuseme ukweli. Hakuna aliyetaka kumtazama mtu machoni na kumwambia ondoka. Basi tukakubaliana: roboti atauliza, mgeni atajibu, na jibu lake ndilo litakaloamua. Akisema ana kiu, anaingia tunagawana. Akisema hana, anaendelea na safari yake.

Nyamizi, mhandisi aliyemtengeneza, aliongeza kitu kimoja ambacho kamati yetu ya mji haikukiomba: kitufe mezani pake katika ukumbi wa mji, kilichoandikwa RUDIA SWALI. Mama yake alimfundisha kwamba mgeni hakaribishwi mara moja. Mara ya kwanza atakataa tu, hata kama tumbo linanguruma, maana ndiyo adabu.

Siku moja, saa saba mchana, wakaja watu kumi na mmoja kwa miguu. Tuliwaona kwenye skrini ya ukumbi wa mji, tulikokuwa kikaoni.

"Karibuni Kilimahewa," Mpokezi alisema. "Mnahitaji maji?"

Bibi mmoja, aliyejitambulisha kwa jina la Sechelela, alijifuta vumbi usoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka hadi inatoa damu.

"Asante mwanangu, hatujambo. Tulikunywa huko nyuma."

"Na chakula?"

"Wala msisumbuke, tumeshakula. Tunapumzika kidogo tu hapa."

"Nimeelewa. Safari njema."

Ukumbini watu wakashusha pumzi. Jamani! Hakuna mtu mzima mle ndani ambaye hakuelewa maneno yale. Wengi wetu tuliwahi kufinywa na mama zetu kwa kupokea chakula cha jirani kabla ya kubembelezwa.

Mwenyekiti Kasanzu akakohoa. "Mmesikia wenyewe. Wameshakunywa."

"Mwenyekiti," Nyamizi alisema, kidole kikiwa juu ya kitufe, "unajua, na mimi najua."

"Najua nini? Mhandisi, Kabula wako anaendeleaje?"

Kabula, binti yake wa miaka minne, alikuwa na homa siku ya tatu, na daktari alishasema anyweshwe maji mengi. Nyamizi akaondoa kidole. Hakuna aliyemlazimisha. Nami nilikuwepo, nimekaa kiti cha pili kutoka kwake, na sikufungua mdomo.

Alasiri Nyamizi akaisoma taarifa ya lango, kama ilivyokuwa kawaida yake. Ilionyesha kwamba baada ya kujibu, wageni walisimama pale dakika arobaini na saba. Juani, mbele ya lango lililofungwa. Hawakugonga wala kuita. Uso ukamwaka kwa aibu akiwa peke yake chumbani. Alichukua dumu lenye mgao wake mwenyewe, akapanda pikipiki ya umeme, akawafuata.

Aliwakuta wameketi kwenye kivuli cha paneli za jua kando ya barabara. Alihesabu kumi. Wa kumi na moja alikuwa amelazwa pembeni, amefunikwa khanga gubigubi.

"Karibuni maji," Nyamizi alisema, akiwanyooshea dumu.

"Asante mwanangu, sisi tumesha..."

"Bibi, nakuomba. Karibuni."

Hapo mikono ikanyooshwa. Walikunywa kwa zamu, kwa kifuniko cha dumu, bila kugombana. Sechelela alikunywa mwisho.

"Mume wangu alisema tusubiri," alisema, akiitazama ile khanga. "Alisema hakuna mtu wa nchi hii anayekaribisha mara moja. Basi tukasubiri. Mwishowe nikawaambia wenzangu, twendeni, ile ni mashine tu, wenyewe hawapo. Wangekuwepo wangetukaribisha tena." Akamgeukia. "Mlikuwa wapi, mwanangu?"

Nyamizi aliinama, akalifunga dumu.

"Tulikuwa tumetoka, bibi," alisema. "Hatukuwepo."

"Nilijua tu. Poleni na kazi."

Aliwaleta mjini jioni ile, na Kasanzu akafungua lango bila neno. Maji yalitutosha, kwa shida, lakini yalitutosha. Kabula alipona. Wale kumi tunaishi nao mpaka leo, tunazikana na kuozeshana. Kila wakisimulia siku ile, Bibi Sechelela husema kwamba walitukuta tumetoka, na sisi sote tunaitikia, ndiyo bibi, tulikuwa tumetoka.