Kisima cha Kumkomoa Tata Nkulu

Kila alfajiri Mbelu alibeba ndoo mpaka kwenye bomba la mtaa wao, pembeni mwa Kolwezi, akapanga foleni nyuma ya wanawake waliomtangulia. Bomba lenyewe lilitoa maji kwa kusuasua. Alipofika shuleni, darasa la sita lilikuwa limeshaanza hesabu, na mwalimu alichoka kusikia habari za bomba. "Ukiendelea kuchelewa, mtihani wa mwisho hutafanya," alimwambia.

Mama yake, Mama Ngalula, aliuza maharagwe kwa madereva wa malori ya mgodi wa Fungurume. Alikuwa ameweka akiba kidogo. "Tuchimbe kisima hapa nyumbani," alisema. "Tumuite Tata Nkulu, yule mzee mchimbaji."

Mbelu aliruka. "Nkulu? Yule mvivu?"

Tusimwonee, hasira yake ilikuwa na sababu. Mwaka uliopita Nkulu aliwachimbia choo kwa malipo ya siku. Siku zikapita, shimo likabaki vilevile. Mbelu alipochungulia alimkuta amelala humo chini, kofia usoni, anakoroma!

"Mama, safari hii tumupe bei moja kwa kazi nzima, mpaka maji yatoke. Akilala, shauri yake. Mi nataka tumukomoe."

Mama alicheka, akakubali. Nkulu naye alikubali haraka, kwa maana udongo wa pale ulionekana laini.

Mwanzoni alichimba kama mtu anayefukuzwa. Kisha sururu yake ikagonga kitu kigumu.

"Mama Ngalula!" aliita kutoka chini. "Huku iko jiwe kubwa! Muniongezee kidogo, tafazali!"

Mbelu alimtangulia mama yake kujibu. "Tulipatana mpaka maji, Tata! Gonga tu!" Akacheka kwa sauti. Mama alimkazia macho, lakini naye alikumbuka choo kile, hakuongeza bei.

Kila jioni Nkulu alitoka shimoni viganja vimechubuka, vinatoka damu. Mbelu alimtazama kwa raha tele moyoni. Kumbe na mwenzake alikuwa na lake! Siku moja Nkulu alipiga kelele, "Maji!" Ndoo ikapanda na maji ya matope. Akalipwa, akaenda zake bila hata kuaga.

Kiangazi kilipokaza, ndoo ya Mbelu ilikwaruza jiwe kavu. Yale yalikuwa maji ya mvua tu, yaliyojikusanya juu ya jiwe. Mbelu alilia kwa hasira. "Nitamumwagia takataka mulangoni! Mutaa muzima utamujua!"

"Twende kwake," alisema mama. "Na mdomo wako uufunge."

Walimkuta Nkulu ameketi mlangoni. Hakuona haya hata kidogo. "Mulisema mpaka maji. Mi nikatoa maji." Akamnyooshea Mbelu kidole. "Huyu mutoto wako alinicheka, mikono yangu inatoka damu. Na mi nikalipiza."



"Basi tumelipizana," alisema Mama Ngalula, "na kisima ni kikavu. Tuanze upya, Tata. Lile jiwe nitakulipa kwa siku, maana hakuna anayejua unene wake. Nitapika maharagwe yangu pale pale karibu na shimo, nione kazi. Udongo wa chini yake, tupatane bei moja."

Nkulu alijikuna kichwa. "Hiyo iko haki, Mama."

Alirudi na nyundo yake, na safari hii hakulala. Mchana Mama Ngalula alimteremshia sahani ya maharagwe. Jiwe likapasuka, udongo ukafuata, na mwishowe Nkulu akapanda amelowa mpaka kiunoni, anacheka. Kiangazi chote kilichobaki maji hayakukauka, na Mbelu alifika darasani kabla ya mwalimu.

Jioni moja, wakiteka maji, alimwuliza mama yake, "Kumbe bei ya kazi nzima ni mbaya?"

"Si mbaya. Kazi unayoijua, patana bei moja. Kazi usiyoiona mwisho wake, lipa kwa siku, na uisimamie. Kosa letu halikuwa bei, mwanangu. Tulipochagua, hatukufikiria maji. Tulifikiria Nkulu aumie. Basi akaumia, na sisi tukabaki na ndoo tupu."